Taa za Rangi Ndani ya Kompyuta: Mambo ya Kujua Kabla ya Kulipa

Hotuba kwa wanunuzi, wauzaji na mafundi wa kompyuta katika maadhimisho ya Siku ya Haki za Mlaji Duniani



Tunaadhimisha siku hii kila tarehe 15 Machi kwa sababu ndiyo tarehe ambayo, mwaka 1962, Rais John F. Kennedy wa Marekani alipeleka ujumbe kwenye Bunge la nchi yake akitaja haki nne za mlaji: haki ya usalama, haki ya kupewa taarifa, haki ya kuchagua na haki ya kusikilizwa. Leo tumeamua kuzipima haki hizo kwa bidhaa ambayo wengi huiona kuwa pambo tu, nayo ni taa za rangi zinazowekwa ndani ya kompyuta.

Huenda baadhi yenu mmeshangaa kuona ofisi ya umma ikisimama kuzungumzia mapambo. Hatukusudii kumfundisha mtu rangi za kupenda. Tunazungumzia fedha. Kijana anayeunda kompyuta yake mwenyewe hununua ubao mama wa mtengenezaji mmoja, feni za mwingine, vijiti vya RAM vya mwingine, na kibodi ya mwingine tena. Kila kifaa kina taa zake, na bei yake huwa juu kuliko ya kifaa kama hicho kisicho na taa. Katika picha iliyo juu ya boksi, vyote vinang'aa kwa rangi moja na kubadilika kwa pamoja. Akifika nyumbani na kuviunganisha, feni zinageuka rangi kama upinde wa mvua, RAM imebaki nyekundu, kibodi ni ya buluu, na hakuna programu moja inayovitambua vyote. Hakuna kifaa kilichoharibika, lakini alichokilipia hakukipata.

Ndugu zetu, jambo kuu tunalotaka mliondoke nalo leo ni hili: maelewano ya taa hizi hupatikana dukani, kabla fedha haijatoka mfukoni. Baada ya hapo kila marekebisho ni gharama mpya. Ili mnunuzi aweze kuuliza maswali yanayofaa, inambidi ajue mambo matatu: plagi, umeme na programu.

Tuanze na plagi. Taa za aina hii hutoa rangi zote kwa kuchanganya nyekundu, kijani na buluu. Juu ya mbao mama nyingi za leo kuna pini za aina mbili za kuziunganisha. Aina ya kwanza ina pini nne na hutumia umeme wa volti 12. Pini moja hubeba umeme, na tatu zilizobaki kila moja huhudumia rangi yake. Kwa kuwa taa zote za mkanda hutumia nyaya hizo hizo, mkanda mzima huonyesha rangi moja kwa wakati mmoja. Aina ya pili ina pini tatu na hutumia volti 5: pini ya umeme, pini ya ujumbe na pini ya kurudisha umeme. Hapa kila taa ina kijidhibiti chake kidogo, ambacho huchukua ujumbe unaokihusu na kupitisha uliobaki kwa taa inayofuata. Ndiyo maana taa za aina hii zinaweza kuonyesha rangi nyingi kwa pamoja na kuonekana kama zinakimbia.

Aina hizi mbili hazibadilishani. Taa ya volti 5 ikipewa volti 12 inaweza kuungua mara moja, na haitengenezeki. Pini za volti 5 zimepangwa kwa nafasi nne huku moja ikiachwa tupu ili kumzuia mtu asikosee, lakini si plagi zote zilizozibwa tundu hilo, na mkono wenye haraka unaweza kulazimisha. Tatizo huongezwa na majina. ASRock huandika RGB_LED kwa volti 12 na ADDR_LED kwa volti 5. MSI huandika JRGB kwa volti 12 na JRAINBOW kwa volti 5. GIGABYTE hutumia LED_C kwa ya kwanza na D_LED kwa ya pili. Mtu asiyeijua lugha hiyo ya herufi hawezi kukisia. Kwa hiyo asome mwongozo wa ubao wake, au atazame idadi ya pini na volti zilizochapishwa kando yake, kabla ya kuchomeka chochote.

Mgogoro mmoja tulioupatanisha utatusaidia kueleza uzito wa jambo hili. Mzee mmoja mwenye ukumbi wa michezo ya kompyuta alinunua feni kumi na mbili zenye taa kwa ajili ya mashine zake mbili mpya. Alimwuliza kijana wa dukani kama feni hizo zitafuata rangi za mbao mama alizonazo. Kijana akajibu, "Mzee wangu, ondoa shaka, hizi zinakubali ubao wowote." Mpwa wa mzee, ambaye ndiye fundi wake, aliona pini nne akachomeka plagi ya matundu matatu. Taa za mashine ya kwanza ziliwaka kwa kitambo kidogo, kisha zikazimika moja kwa moja. Feni zenyewe ziliendelea kuzunguka, kwa kuwa injini ya feni hupata umeme kwa waya mwingine.

Mzee alirudi dukani. Mwenye duka akasema kwamba kosa ni la fundi, na kwamba kwenye boksi imeandikwa volti 5. Tulipolitazama boksi, tuliona kweli imeandikwa, kwa herufi ndogo upande wa chini. Tulipoiomba risiti, ilikuwa na maneno mawili: "Feni 12." Hapakuwa na jina la mtengenezaji, namba ya modeli, wala neno lolote kuhusu ahadi aliyopewa mzee. Kijana aliyetoa ahadi hiyo hakuikumbuka. Hatimaye pande zote mbili zilikubaliana kwamba duka limpe mzee feni sita nyingine kwa bei ambayo lenyewe lilizinunulia. Mzee alilipa mara ya pili, na duka halikupata faida yoyote. Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Siku ile tuliona kwamba ahadi bila maandishi nayo huisha vivyo hivyo.

Jambo la pili ni kiasi cha umeme. Pini za taa kwenye ubao mama zina kikomo. Mbao nyingi hutaja ampea 3 kwa kila kundi la pini, lakini mwongozo wa ubao wako ndio wenye kauli ya mwisho. Taa ndogo ya volti 5 ya aina inayotumika sana hula takribani miliampea 60 inapotoa nyeupe kwa nguvu zote. Kwa hesabu ya tahadhari, ampea 3 hutosha taa 50. Feni sita zenye taa nane kila moja ni taa 48. Hizo ziko ndani ya kikomo. Feni sita zenye taa kumi na mbili ni taa 72, ambazo zikiwaka nyeupe kwa nguvu zote zitahitaji zaidi ya ampea 4. Mwenye feni hizo anahitaji kisanduku cha kugawa kinachochukua umeme moja kwa moja kutoka kwenye pawa saplai, huku kikipokea ujumbe wa rangi tu kutoka kwenye ubao mama. Kuunganisha nyaya za kugawanya moja baada ya nyingine hakuongezi umeme. Kunaongeza mzigo juu ya pini zile zile.

Wenye kumbi za michezo wazingatie pia gharama ya LUKU. Taa 50 zikiwaka kwa nguvu zote hula wati 15. Zikiwaka saa nane kila siku kwa siku 30, ni uniti 3.6 kwa mashine moja, na uniti 36 kwa mashine kumi. Rangi moja na mwanga wa kiasi hupunguza matumizi hayo. Tukumbushane pia kwamba taa haiongezi kasi ya kompyuta hata kidogo. Mwenye bajeti finyu anayelazimika kuchagua kati ya RAM yenye taa na RAM yenye ujazo mkubwa zaidi, mchezo wake utaendeshwa na ujazo.

Jambo la tatu, na ndilo lenye utata kuliko yote, ni programu. Kila mtengenezaji mkubwa ana programu yake ya kuongoza taa. ASUS ana Aura Sync, MSI ana Mystic Light, GIGABYTE ana RGB Fusion, ASRock ana Polychrome, Corsair ana iCUE, Razer ana Chroma. Neno "sync" lililo kwenye boksi humaanisha kwamba kifaa kinaweza kuongozwa na programu iliyotajwa pale. Halimaanishi kwamba kinapatana na programu zote. Kifaa chenye nembo ya Aura Sync peke yake hakijaahidi lolote kwa mwenye ubao wa MSI.

Hata hivyo, vifaa havifanani katika jambo hili, na hapa pana ahueni. Feni na mikanda yenye plagi ya kawaida ya pini tatu ya volti 5 haina haja ya kujua imeunganishwa na ubao wa nani. Hufuata ujumbe unaopita kwenye waya. Kwa hiyo feni za watengenezaji watatu tofauti, zote zikiwa na plagi hiyo, zinaweza kuongozwa na ubao mmoja kwa programu moja. Tatizo huanza pale mtengenezaji anapotumia plagi yake ya pekee. Feni nyingi za Corsair, kwa mfano, huunganishwa na kidhibiti cha Corsair na kuongozwa kwa iCUE. Zinafanya kazi vizuri ndani ya familia yake, lakini anayezinunua ajue kwamba amechagua familia hiyo, na kwamba feni za kuongeza baadaye zitatoka humo pia.

Vijiti vya RAM ni habari nyingine. Havina waya wa taa. Ujumbe wa rangi hupitia kwenye ubao mama wenyewe. Hapo mnunuzi hana budi kutazama orodha ya mtengenezaji wa RAM ili kuona ni programu zipi zinazokitambua kijiti hicho. Kibodi na vipanya navyo huunganishwa kwa USB, na kwa muda mrefu kila kimoja kilidai programu yake. Mwezi Septemba 2023 Microsoft ilianza kuingiza ndani ya Windows 11 sehemu iitwayo Dynamic Lighting, inayofuata kanuni ya pamoja ya vifaa vya USB. Kifaa kinachoifuata kanuni hiyo huongozwa kutoka kwenye mipangilio ya Windows bila programu ya mtengenezaji. Si vifaa vyote vinavyoifuata, na vingi vya zamani haviifuati. Swali la kuuliza dukani ni fupi: "Je, hiki kinakubali Dynamic Lighting?"

Wapo wanaotumia programu za watu wengine zilizotengenezwa ili kuunganisha familia zote. OpenRGB ni ya bure, msimbo wake uko wazi, na hufanya kazi kwenye Windows na Linux. SignalRGB ni ya Windows, nayo ina sehemu ya bure na sehemu ya kulipia. Programu hizi zimewasaidia wengi. Kabla ya kuzitegemea, tazama kwenye orodha zao kama ubao na RAM yako vimo, kwa namba kamili ya modeli. Usiendeshe programu mbili za taa zinazogombea kifaa kimoja, kwa kuwa kila moja itafuta amri ya mwenzake, na utaona taa zikipepesa au kuganda.

Hapa tunaifikia haki ya usalama, na tunaomba mtusikilize kwa makini. Ili kufikia taa za RAM na za ubao mama, programu nyingi huweka ndani ya mfumo kiendeshi chenye mamlaka makubwa kuliko programu ya kawaida. Mlango huo ukiwa na kasoro, programu ya mhalifu inaweza kuupitia. Mwezi Desemba 2018, kampuni ya usalama ya SecureAuth ilichapisha udhaifu wa namna hiyo katika viendeshi vilivyoambatana na matoleo ya wakati ule ya Aura Sync. Mwezi Machi 2025, kinga iliyomo ndani ya Windows ilianza kukitambua kuwa tishio kiendeshi kiitwacho WinRing0, ambacho kilikuwa kikitumiwa na programu kadhaa za kuongoza feni na taa. Watumiaji waliiona kompyuta ikilalamika dhidi ya programu waliyoiamini kwa miaka mingi.

Hatusemi kwamba programu za taa ni za kihalifu. Tunasema kwamba rangi ya feni isiwe sababu ya kuacha mlango wazi kwenye kompyuta inayohifadhi kazi zako za chuo, hesabu za duka au nywila za benki. Pakua programu kutoka kwenye tovuti ya mtengenezaji mwenyewe, na kataa nakala inayopitishwa kwa kijiti cha USB. Isasishe. Kinga ya kompyuta ikitoa onyo, usiizime ili taa ziwake. Na kama kifaa chako kina uwezo wa kuhifadhi rangi ndani yake, chagua rangi moja, ihifadhi, kisha ondoa programu. Vifaa vingi vina uwezo huo, na rangi moja tulivu kwenye vifaa vyote ndiyo njia rahisi ya kuvipatanisha bila programu yoyote kubaki ikifanya kazi.

Sasa twende dukani pamoja. Kabla ya kulipa, muulize muuzaji maswali matano. Je, plagi ya taa ni ya pini tatu ya volti 5, ya pini nne ya volti 12, au ni ya pekee ya mtengenezaji? Je, ubao wangu una pini hizo, na zimebaki ngapi? Je, taa ni ngapi kwa jumla, na umeme wake utatoka wapi? Je, ni programu gani inayoiongoza, na imetajwa wapi kwenye boksi? Je, nikikuta haipatani na ubao huu niliokutajia, utaipokea na kunirudishia fedha au kunibadilishia, na ndani ya siku ngapi? Kuuliza si ujinga. Muuzaji mwaminifu hatachukizwa, na asiyejua jibu ni heri aseme hajui.

Kisha dai risiti ya EFD, na omba iandikwe namba ya modeli ya kila kifaa. Kama muuzaji amekuhakikishia kwamba kifaa kinapatana na ubao wako, mwombe aandike hivyo kwenye ankara au akutumie kwa ujumbe wa simu: jina la kifaa, jina la ubao, na neno "vinapatana". Mstari mmoja wa namna hiyo ungeumaliza mgogoro wa yule mzee ndani ya dakika tano.

Kwenu wafanyabiashara, tunasema kwa heshima. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kumpotosha mlaji. Neno "inakubali zote" likisemwa pasipo uhakika ni neno la kupotosha, hata kama msemaji hakukusudia ubaya. Wafundisheni vijana wenu wa kaunta tofauti ya plagi hizi mbili. Bandikeni kwenye rafu kikaratasi cha Kiswahili kinachosema volti, idadi ya pini na jina la programu. Mteja aliyeelewa anachonunua harudi kwa ugomvi. Hurudi kununua tena, na huja na rafiki.

Kwenu mafundi, mteja hukabidhi mikononi mwenu kitu alichokiwekea akiba kwa miezi. Someni mwongozo kwanza, chomekeni baadaye, na kompyuta iwe imezimwa na waya wa ukutani umetolewa. Plagi inayokataa kuingia ina sababu yake.

Na kwako mlaji, likitokea tatizo, usianze kwa kukata waya wala kufungua kifaa. Kipige picha kilivyo, tunza boksi, rudi kwa muuzaji mapema na ueleze dai lako kwa maandishi. Msiposikilizana, lete nakala za risiti, picha na ujumbe wako katika ofisi yetu. Haki ya kusikilizwa ni yako hata kama dai lenyewe ni la feni moja. Ila tutaweza kukusaidia zaidi ukituletea maandishi kuliko ukituletea kumbukumbu.

Mabibi na mabwana, mwenye ukumbi tuliyemtaja aliturudia miezi kadhaa baadaye, safari hii bila malalamiko. Alikuwa ananunua vifaa vya mashine ya tatu, na alitaka tumsaidie kusoma maandishi ya boksi moja. Tuliyasoma pamoja: volti 5, pini tatu. Akachukua kalamu, akaandika maneno hayo nyuma ya kikaratasi chake pamoja na jina la ubao wake, kisha akaenda dukani kumwomba muuzaji atie sahihi.